Nyumba Iliyopimwa Upande Mmoja

Nilipofika Mirongo walikuwa wameshamzika Fundi Mbaraka. Habari ilinikuta Kamanga, kwenye foleni ya kivuko, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na Rukia, binti yake, hakunizungusha kwenye simu: "Dada Vero, baba amefariki alfajiri. Anazikwa alasiri hii." Nilimrudishia mama wa chai kikombe kikiwa kimejaa. Akakichungulia, akaniuliza kama kimeingia nzi. Fundi Mbaraka hakuwa ndugu yangu. Nilipanga kwake mwaka mmoja tu, nikiwa msichana, kabla ya Geita na Kahama na Bukoba na kote ambako miguu yangu imenipeleka bila kuniuliza. Lakini mle kivukoni, mawe ya mjini yalipoanza kujitokeza juu ya maji, nilikuwa nimeng'ang'ania chuma kwa mikono miwili hadi kijana mmoja akanipisha kiti. Nilitegemea kukuta nyumba iliyobadilika, maana watu hubadilisha nyumba. Nilipoinama kuingia mlangoni nikashtuka kuliko nilivyoshtushwa na simu: reli yake ndogo ilikuwa bado ipo. Wanawake wa msibani walikuwa wamekaa mikekani sebuleni, na juu ya vichwa vyao, kwenye mbao zilizozunguka kuta zote, ilikuwepo Mwanza nzima ya bati na dodoki. Kila aliyetaka kuinuka alishika kichwa kwanza ili asigonge Ziwa Viktoria.

Habari za kwetu niziache, na sababu za kuacha shule niziache pia, zinanichosha hata mimi. Mwaka ule nilikuwa nakaanga samaki kwa mama mmoja pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na nilikuwa natafuta chumba kwa sababu kile nilichokuwa nacho kilikuwa na popo darini. Mtu akanielekeza kwa fundi bati wa Makoroboi, yule anayetengeneza vibatari, ndoo na mifereji ya mvua, kwamba nyumbani kwake Mirongo kuna chumba ambamo wapangaji hawadumu. Hilo la kutokudumu ndilo lililonivuta. Mke wake, Mama Rukia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, alinifungulia mlango wa chumba, akasimama pembeni.

"Chumba ndicho hiki. Kina dirisha, kina msumari wa kutundikia nguo, na kina treni."

"Kina nini?"

"Treni. Inapita hapo juu ya kitanda. Haiumi."

Nilicheka, nikidhani ni namna yake ya kunijulisha kwamba reli kubwa iko karibu na kwamba kelele zitafika. Asubuhi yake niliamshwa na mlio kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Kufumbua macho, kichwa cha treni kilikuwa kinatokea kwenye tundu ukutani, kimepakwa rangi nyekundu na manjano, kikivuta mabehewa. Kikapita juu ya miguu yangu, kikakata kona kwenye rafu, kikatokomea kwenye tundu la ukuta wa pili. Nilipiga kelele. Toka upande wa pili wa ukuta sauti ya mwanamume ikasema kwa upole, "Samahani binti, hiyo ni ya mizigo. Ya abiria inapita saa mbili."

Sijawahi, kabla wala baadaye, kuona kitu kama kile, na nimezunguka. Reli zenyewe zilikuwa mbavu za miavuli mibovu, zimelala juu ya mataruma ya vijiti vya lambalamba. Mabehewa yalikuwa makopo ya dawa ya mbu, yamekatwa madirisha moja moja kwa mkasi wa bati. Kichwa kilikuwa na mota ya radio kaseti, na umeme ulitoka kwenye betri ya gari iliyokaa chini ya meza ya chakula, hivyo ukila unakula miguu umeikunja. Miti ilikuwa dodoki lililochovywa rangi ya kijani. Ziwa lilikuwa kioo cha dirisha kilichopakwa bluu ya kufulia kwa chini, na mawe yalikuwa mawe. Treni ilianzia stesheni ya mjini, karibu na mlango wa sebule, ikapita Mwanza Kusini kwenye kabati la vyombo, ikaingia chumbani kwangu na kuwa Fela na vijiji vya Misungwi, kisha ikarudi. Wao wenyewe walishazoea kuitaja nyumba kwa stesheni. "Chumvi iko wapi?" "Nimeiacha Fela." Siku za kwanza nilikuwa nashtuka Mama Rukia akiingia chumbani kwangu kufuata chumvi.

Tundu la treni lilikuwa halina siri. Kila walichosema sebuleni kilinifikia kitandani, na walikuwa wanajua, maana mara nyingine walinishirikisha.

"Baba Rukia, Idi inakuja. Wageni watakaa wapi?"

"Watakaa Mwanza Kusini, pale pana nafasi."

"Pana nafasi ya panya. Mwaka jana shehe kakaa kajikunja kama ndizi. Vero! Unasikia mwenzio anavyonijibu?"

"Nasikia, mama."

"Mwambie."

"Fundi, umeambiwa."

Nilimuuliza Fundi alikoona kitu kile kwa mara ya kwanza. Akasema kwenye karatasi ya gazeti iliyofungiwa vitumbua, basi. Hakuwa mtu wa maelezo. Alikuwa na sheria moja aliyoisema mara kwa mara, kwamba kilichoko nje ndicho kiwe ndani, na kwamba katika reli yake hakuna uongo. Kama kule njiani mtu amepaka mlango rangi mpya, na yeye anapaka. Ndiyo maana nilishangaa siku nilipopangusa vumbi kwenye rafu yangu nikakigeuza kijumba kimoja, nikakuta nyuma ni wazi. Hakuna ukuta. Vyote vilikuwa hivyo, sura tu, kama watu waliovaa shati bila mgongo.

"Fundi! Nyumba zako hazina nyuma!"

"Abiria anaiona nyuma?"

"Haioni."

"Basi." Akarudi kwenye ugali wake.

Jumamosi alikuwa anafunga kibanda cha Makoroboi na kwenda kupima. Mama Rukia, aliyeogopa kwamba siku moja mumewe atagongwa na treni ya kweli akiwa anaitazama, alinituma niwe naye, na mimi nilikuwa nakwenda popote. Kwa sababu hakutaka aibu, alimvalisha kaunda suti ya Idi na kofia, kalamu mfukoni. Tulipanda basi hadi Misungwi, tukakodi baiskeli, tukafuata reli mbele ya Fela, kwenye mashamba ya pamba na mawe yaliyopandana. Alikuwa ameshaona toka dirishani mwa treni nyumba moja aliyoitaka: ya bati, mbele imepakwa chokaa, na ukanda wa udongo mwekundu chini kama sketi. Tulimkuta bibi kizee mmoja tu, amekaa upenuni anapukuchua mahindi.

"Mwangaluka," Fundi akamwamkia kwa Kisukuma chake cha sokoni. Bibi akaitikia kwa furaha. Fundi akamwonyesha futikamba, akaonyesha ukuta, akauliza kwa Kiswahili kama anaruhusu. Bibi akacheka, akasema mengi, na kati ya hayo tulielewa moja, mhola duhu, kwamba huko ni kwema tu. Tukaichukua kuwa ruhusa.

Hapa lazima nieleze kazi ya fundi bati. Fundi bati akianza kupima huweka alama pale futikamba inapoanzia, ili mkono usisahau, na alama ya Fundi Mbaraka ilikuwa msalaba uliolala, mistari miwili iliyokatana, kwa chaki nyekundu. Nilishaiona kwenye kila ndoo pale kibandani kabla haijapigwa msasa. Kwenye nyumba za watu alikuwa anaifuta kwa kitambaa kibichi kila akimaliza. Siku ile alipima mlango, akapima dirisha, akapima upana wa mbele yote na kimo hadi kwenye kenchi, mimi nikishika ncha. Akawa ameshatoa kitambaa. Treni ya mizigo ikapiga honi toka upande wa Fela. Fundi akatupa kila kitu mkononi mwangu akakimbia kuelekea kwenye tuta na kofia yake, mzee mzima, akipunga mkono kama mtoto. Tukatazama behewa la mwisho hadi likageuka nukta. Tukapanda baiskeli tukaondoka.

Kijumba kilimchukua wiki nyingi. Alikitengeneza jioni kwenye meza ya chakula, kati ya sahani ya dagaa na bakuli la maharage, akiinama hadi pua inagusa bati, na kilipokamilika akakiweka juu ya kitanda changu, mahali pake kwenye rafu. Kilikuwa kizuri kiasi kwamba nilikuwa nikilala nakitazama. Lakini hakuwa na uhakika na rangi ya mlango, kama ni bluu au kijani. Akakifunga kwenye leso, tukaenda kuulinganisha.

Nyumba haikuwepo. Nilidhani tumepotea. Niliangalia mawe, nikaangalia tuta, nikamwangalia Fundi, na uso wake ulikuwa umebaki na tabasamu la mtu aliyekuwa anaanza kusema kitu. Palikuwa na sakafu, palikuwa na mafiga matatu, na kipande cha ukuta wa mbele kisichofika kiunoni. Juu ya kipande hicho, pale upenu ulipokuwa unazuia mvua, ilikuwepo alama nyekundu ya chaki.

Mwaka ule kote kandokando ya reli watu walikuwa wanasema waliojenga karibu watabomolewa, na kila mtu alijua inavyoanza. Anakuja mtu mwenye futikamba, amevaa vizuri, hasemi mengi, anaacha alama ya X nyekundu ukutani. Mimi nilijua. Fundi alijua. Ila alipokuwa anashika chaki alikuwa fundi bati, hakuwa mtu wa mwaka ule.

"Ndio hawa!" mtu akapiga kelele toka kwenye pamba. Nikaona majembe kabla sijaona watu. Waliotuzunguka walikuwa wengi, na mbele yao alikuwa mwanamume mnene aliyevua shati, Masanja, shemeji wa mwenye nyumba. "Ndio hawa walioweka alama! Mmekuja kumalizia? Si tumeshabomoa wenyewe? Bora mtu aokoe bati zake kuliko tingatinga lizile!"

"Nani kawatuma?" akauliza mwingine. "Toeni karatasi!"

Fundi akafungua leso. Nafikiri hakuwa na njia nyingine ya kusema yeye ni nani. Akakiweka kijumba kwenye kiganja chake akakinyanyua: chokaa, ukanda mwekundu, upenu, hata ufa mdogo juu ya dirisha. Majembe yalishuka, moja baada ya jingine. Nyumba waliyoibomoa kwa mikono yao ilikuwa imesimama kwenye kiganja cha mzee wa mjini.

"Ni ya treni yangu," Fundi akasema. "Nina treni ndogo. Nyumbani. Nilikuwa napima kwa ajili ya treni."

"Treni ya nini?"

"Ya kutazama."

"Kwa hiyo hakuna bomoabomoa?" Masanja akauliza, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukielewa wakati ule, kama mtu aliyeambiwa kwamba mzigo alioutupa ulikuwa na nyama.

"Mimi sijui habari za bomoabomoa. Mimi ni fundi bati wa Makoroboi."

Mwenye nyumba alipita katikati ya watu. Mama Kulwa alikuwa mjane wa umri wangu wa sasa kasoro kidogo, amejifunga kitenge kifuani, mkono wake mmoja una udongo. Alikichukua kijumba, akakitazama mbele muda mrefu, akakigeuza, akaona hakina nyuma. Nilimtegemea alie, au amtukane. Akamwuliza Fundi, "Na hii nyuma?"

"Nyuma sikupima, mama. Abiria haioni."

Akakitazama tena. "Utaijenga nyumba yenyewe?"

"Nitaijenga," Fundi akasema. "Kama ilivyokuwa. Wallahi, kama ilivyokuwa."

"Basi ijengwe pale pale, kwenye eneo la kaka yangu," Masanja akadakia.

"Pale sirudi," Mama Kulwa akasema bila kumtazama. "Pana alama. Itajengwa kule juu, kwenye eneo la baba yangu. Bati nimeshazipandisha."

Akamrudishia Fundi kijumba, tukaondoka. Nyumbani Fundi alikitoa kwenye leso, akakiweka kabatini, na juu ya kitanda changu pakabaki mraba wa mbao mtupu wenye alama za gundi. Alisema hatakirudisha mpaka ya kweli isimame, maana sasa kingekuwa uongo. Treni ilipofika hapo alikuwa anaipunguza mwendo.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu zote zilikuwa za kule juu. Alifyatua tofali na Mama Kulwa, akachonga kenchi, akanyoosha bati zilizokunjika wakati wa kung'olewa, na mimi nilichota maji na kukanyaga udongo hadi magoti yakageuka rangi. Mbele hakukuwa na shida, vipimo vilikuwa kichwani mwake na kwenye kijumba. Nyuma ndiko alikohitaji msaada, akawa anasimama na uzi mkononi: "Mama Kulwa, hapa ukuta uliishia wapi?" Naye anatembea na kuonyesha kwa mguu. "Hapa. Halafu kulikuwa na chumba, cha mama mkwe. Na dirisha, linatazama mtama." Yule bibi kizee, mama mkwe mwenyewe, aliyehama naye, alikuwa anakaa juu ya jiwe na mahindi yake akicheka tu. Mchana tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, na Fundi alikuwa anaomba aongezewe, jambo ambalo kwa mkewe sikumwona akilifanya.

Hiyo ya michembe ndiyo nilikosea kuisimulia nyumbani, kwa mzaha. Siku chache baadaye nilisikia kupitia tunduni sauti ya jirani, Mama Hadija, akimwambia Mama Rukia polepole, "Mwanamume hamjengei mwanamke nyumba kwa sababu ya chaki, shoga. Fungua macho." Chapati alizokuwa anatufungia kila Jumamosi zikakoma. Na kama vile hayo hayakutosha, Jumatatu moja nilirudi toka mwaloni nikakuta jiko la uani halina paa. Mwezi wa mvua unakaribia, na mtu ameng'oa bati zote.

"Zimechakaa," Fundi akasema. "Nabadilisha."

Alibadilisha kwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyopasuliwa na kugongwa bapa, yamepangwa kama magamba ya sato, picha za alizeti zikitutazama toka juu. Nilisikia Mama Rukia akipaza sauti kwa mara ya kwanza: "Fundi bati mzima! Mkewe anaezekewa makopo! Watu watasema nini?"

"Watasema hayavuji."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunamalizia kuezeka. Fundi yuko juu, mimi nampa misumari, Mama Kulwa yuko kwenye udongo, na lori la pamba likasimama kule chini barabarani. Akashuka mwanamke mrefu. Mama Rukia alipanda ule mlima bila kupumzika, khanga amejifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana, akafika, akasimama. Alimtazama Mama Kulwa toka miguuni hadi kichwani. Alimtazama mumewe juu. Bibi kizee ndiye aliyemwamkia, "Mwangaluka, mayo."

"Nimeitika, mama," Mama Rukia akasema. Kisha: "Baba Rukia, hilo dirisha limepinda."

"Halijapinda."

"Limepinda. Nimeliona toka barabarani."

Fundi akashuka, akapima. Lilikuwa limepinda. Mama Kulwa akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mkono wenye udongo, ukabaki na ndevu za matope, na ndipo na sisi wengine tukaweza kucheka. Mama Rukia hakucheka. Aliomba maji, akaingia ndani kuyanywa, akakawia kule chumba cha nyuma hadi nikaanza kuogopa tena. Alipotoka alipandisha khanga akaingia kwenye udongo, akakanyaga na mwenzake hadi jioni. Kwenye gari la kurudi alinieleza kwa ufupi: "Yule hana habari na mume wangu. Anayempenda ni bati." Chapati zikarudi.

Nyumba ilisimama kabla ya mvua kubwa. Fundi alikirudisha kijumba juu ya kitanda changu, mahali pake, akakitia gundi, na treni ikapita kwa mwendo wake wa kawaida. Mlango ulikuwa bluu. Haikupita muda nikasikia wanatafuta wapishi kwenye machimbo ya Geita, nikafunga mizigo, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Sasa nirudi kwenye msiba. Watu walipopungua, Mama Rukia, aliye ndani ya eda, alitaka tukae jikoni kwa sababu sebuleni alikuwa hawezi kuinua macho. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Mama Kulwa, ambaye sasa ni bibi mwenye fimbo, aliyekuja toka Misungwi na kikapu cha michembe akaanza kuipika bila kuuliza sufuria ziko wapi. Ndipo akasema, akikoroga, kama mtu anayeendelea na mazungumzo aliyoyaanza zamani:

"Dada yangu, mumeo nilimdanganya."

Mama Rukia akageuka polepole. Mimi nilikumbuka sauti ya Mama Hadija.

"Ile alama," Mama Kulwa akasema, "nilijua siyo ya kubomolewa. Mama mkwe wangu alinieleza jioni ile ile, kwamba kaja mzee mmoja kupima, akaacha kila kitu akakimbilia treni akiipungia mkono. Nikajua huyo hajatumwa na mtu. Lakini Masanja alikuwa anataka nyumba ya kaka yake, na mimi nikiwa ndani yake. Kila siku yuko mlangoni. Alipoiona ile X akaniambia mwenyewe, 'Nyumba ya kubomolewa ya nini, chukua bati zako uondoke.' Alisema mbele ya watu. Nikabomoa siku ile ile, kabla hajabadili mawazo."

Nilikuwa nimeshika kisu cha vitunguu, nikakiweka chini. Jumamosi zote zile. Zile tofali, yale magoti, yule mzee aliyepunguza mwendo wa treni kila ikifika kwenye mraba mtupu. "Kwa nini hukumwambia?" nikauliza, na sauti yangu ilitoka kali.

"Ningemwambia, angerudi kujenga?" Akanitazama bila aibu. "Nilikuwa na watoto mapacha na mama mkwe na rundo la bati, mwanangu. Fundi ningempata wapi? Na siyo hilo tu. Nyumba ya zamani ilikuwa na vyumba viwili. Kile cha nyuma hakikuwepo. Aliposema nyuma hakupima, nikaona hii ni bahati nyingine."

Nilimtazama Mama Rukia, nikimwogopea. Alikuwa anatazama juu, kwenye alizeti zilizofifia.

"Mume wangu alikuwa fundi bati," akasema. "Rundo la bati za vyumba viwili akilitazama tu anajua linafika wapi. Wewe ulidhani chumba cha tatu kiliezekwa na nini?"

Mama Kulwa akaacha kukoroga.

"Siku ile nilipoomba maji," Mama Rukia akaendelea, "niliinua macho mle chumba cha nyuma. Bati nyeusi. Masizi yangu. Bati nilizopika chini yake miaka yote nisizijue? Nikasema kumbe amejua, na bado anajenga. Nikanyamaza. Hilo la alama ndilo jipya ulilonipa leo."

"Alijua?" Mama Kulwa akasema. Sijawahi kuona mtu mzee akishtuka vile. Mwiko mkononi mwake ulikuwa unadondosha. "Aliniambia ni kama ilivyokuwa. Aliniapia."

Sikuweza kukaa. Nilikwenda chumbani kwangu kwa zamani, nikapanda juu ya kitanda cha mtu mwingine, nikakibandua kijumba kwenye gundi. Hata sijui nilikuwa natafuta nini. Nilikigeuza. Kwenye reli yote, toka stesheni hadi Fela, hakuna nyumba yenye nyuma, na hii ilikuwa nayo: chumba cha tatu, cha bati, na dirisha dogo ambalo miaka yote lilikuwa limetazama ukuta. Nikakipindua nikachungulia ndani. Paa la vyumba vya mbele lilikuwa linang'aa. La chumba cha nyuma lilikuwa jeusi.

Nikakipeleka jikoni. Mama Rukia alikipokea kwa mikono miwili, akakipindua kama nilivyofanya, akaingiza kidole, akasugua. Kidole kikatoka cheusi. Akamwambia Mama Kulwa aangalie sufuria, michembe inashika chini.